Dodoso la Ziada na Saa za Mzee

Utafiti wa Afya na Kustaafu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ulianza mwaka 1992. Huwahoji watu wenye umri wa zaidi ya miaka 50 kila baada ya miaka miwili kuhusu afya, kazi na mali zao. Tangu 2001, baadhi yao hutumiwa kwa posta dodoso la ziada linalouliza walitumia saa ngapi kulala, kupika au kutembea, na fedha zao zilikwenda wapi.

Ubora wa mpango huu ni kwamba anayejibu dodoso hilo ndiye aliyehojiwa katika utafiti mkuu. Hivyo, magoti yake yakianza kumsumbua, mtafiti anaweza kuona ni shughuli ipi iliyopungua.

Hata hivyo, nina hoja mbili. Kwanza, kila shughuli huulizwa peke yake. Bibi anayepika huku akitazama televisheni, saa yake moja huweza kuhesabiwa mara mbili. Pili, karatasi ya posta hudai macho, mkono na kumbukumbu. Aliyepungukiwa na hivyo ni rahisi akose kujibu, na hesabu za kusawazisha sampuli haziwezi kutusimulia siku yake.

Kwa hiyo, wanafunzi wa Uganda tunaotaka kuiga mbinu hii tuchukue wazo la kuunganisha majibu, tuache bahasha. Tumwendee mzee nyumbani, tumsikilize. Asiyeweza kuandika ndiye ambaye siku yake tunaijua kidogo zaidi.