Shajara ya Tumaini: Neno Lifanye Kazi, Lisiwe Pambo

Utangulizi

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii iliwalenga wafanyabiashara, lakini yafaa pia kwa maisha ya mtu. Yasipoandikwa mahali, yanapotea. Makala haya yanahakiki aina moja ya daftari inayotumika katika vikundi vya vijana, vya akina mama na hata madarasani, nayo ni shajara ya sanaa. Ni daftari ambalo mwenyewe hubandika picha, vipande vya nguo, karatasi za magazeti na vitu vidogo vya nyumbani, akapaka rangi, kisha akaandika maneno, yote yakizunguka mada moja ya kutia moyo kama vile tumaini, ujasiri au shukrani.

Huenda msomaji akauliza: hili si jambo la walimu wa sanaa? Jibu ni kwamba daftari hili lina maandishi, na penye maandishi sisi walimu wa lugha tuna la kusema. Swali letu ni la kifasihi. Je, katika kazi inayochanganya picha, kitu na neno, neno linafanya kazi gani? Hoja ya makala haya ni kwamba shajara nyingi hufaulu kwa picha na vitu lakini huanguka kwa neno, kwa sababu neno huletwa likiwa limekwisha kupikwa mahali pengine.

Usuli: kitabu cha kumbukumbu

Sanaa hii si ngeni Uganda. Mwaka 1992 iliundwa NACWOLA, jumuiya ya kitaifa ya wanawake wanaoishi na virusi vya ukimwi. Katika miaka ya 1990 wanachama wake walianza kutengeneza vitabu vya kumbukumbu, wazo ambalo chimbuko lake lilikuwa kazi ya shirika la Barnardo's la Uingereza. Mama aliyejua kwamba huenda asiishi muda mrefu alimwandalia mwanawe kitabu chenye ukoo, siku ya kuzaliwa, mila za nyumbani, picha, michoro na matumaini yake kwa mtoto huyo.

Wakati huo dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa ghali mno kwa watu wa kawaida. Hivyo kitabu kilikuwa kama wasia. Baada ya serikali kuanza kutoa dawa hizo bure mwaka 2004, akina mama wengi waliokuwa wameandika kuaga wakaendelea kuishi, na kitabu kikapata kazi nyingine. Mama na mtoto wakakisoma pamoja, na mara nyingi ukurasa ndio uliomsaidia mama kumweleza mtoto hali yake. Mbuya nayo ina historia katika mapambano haya. Mwaka 2001 ilianzishwa huduma ya Reach Out katika parokia ya Our Lady of Africa, na baadaye ikawa na karakana ya ushonaji iliyoitwa Roses of Mbuya.

Vitabu vya kumbukumbu vimeandikiwa na wageni pia. Mwandishi wa Uswidi Henning Mankell alichapisha kitabu juu yake mwaka 2003, na Christa Graf wa Ujerumani akatoa filamu mwaka 2008. Kwa mhakiki, jambo la kuzingatia ni lile la fani. Kitabu cha kumbukumbu kilikuwa na vichwa vya kujazia vilivyofanana kwa wote, na hilo ni kasoro. Hata hivyo, kilikuwa na nguvu moja iliyoshinda kasoro hiyo, kwani kila sentensi ilikuwa na wa kuisikia. Mama hakuandika "mtoto ni hazina." Alimwandikia mtoto huyu, kwa jina lake.

Shajara za Dan Eldon

Upande wa pili wa mpaka kuna mfano mwingine. Dan Eldon alizaliwa London mwaka 1970, akakulia Nairobi, na akawa mpiga picha wa habari. Aliuawa na umati wenye hasira mjini Mogadishu tarehe 12 Julai 1993, akiwa na umri wa miaka 22, pamoja na wenzake Hos Maina, Anthony Macharia na Hansi Krauss. Aliacha shajara 17 zilizojaa picha, rangi, ramani, vipande vya magazeti na mwandiko wake. Sehemu ya kurasa hizo ilichapishwa mwaka 1997 katika kitabu The Journey Is the Destination.

Kurasa zake zimesongamana. Picha imekaa juu ya picha, mzaha umekaa kando ya kifo, na msomaji analazimika kuchimba. Jina la kitabu, kwa upande wake, limegeuka kuwa kaulimbiu ya kubandikwa ukutani, kwamba safari yenyewe ndiyo mwisho wa safari. Hapa ndipo tunapoona hatari ninayoizungumzia. Ukurasa una utata na uchungu, ilhali kaulimbiu ni laini na haimdai mtu chochote. Wengi wanaoiga sanaa hii huiga kaulimbiu, wakaacha ukurasa.

Kipimo cha kanga

Tutaipimaje shajara ya namna hii? Sisi watu wa Kiswahili hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta kipimo. Kanga ni sanaa ya mchanganyiko tuliyoizoea. Ina pindo, ina mji, ina jina. Picha, rangi na neno vimekaa juu ya kitambaa kimoja, na neno hilo limekuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi.

Jina la kanga huchapwa kiwandani kwa maelfu. Kwa nini basi halichoshi? Kwa sababu mvaaji hulipa msikilizaji. Mwanamke akijifunga kanga iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio" akapita mbele ya mlango wa jirani fulani, siku fulani, baada ya ugomvi fulani, msemo ule wa kiwandani unakuwa kauli yake yeye. Jirani ameupata. Wapita njia wengine wameona nguo tu.

Kutokana na kanga tunapata maswali matatu ya kuuliza mbele ya ukurasa wowote wa shajara. Nani anasema? Anamwambia nani? Kwa nini anasema sasa? Neno lisilojibu hata swali moja kati ya haya ni pambo, hata kama limeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Kurasa mbili kutoka Mbuya

Nimeonyeshwa kurasa mbili zilizotengenezwa Mbuya katika warsha ya Jumamosi iliyowakutanisha wanafunzi na wazazi. Mada ilikuwa "Tumaini". Nazijadili kwa ruhusa ya wenyewe, majina nimeyaacha.

Ukurasa wa kwanza ni wa msichana wa kidato cha tatu. Jua kubwa la rangi ya manjano limejaza karatasi. Chini yake kuna utepe wa lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, na shanga tano za karatasi za magazeti zilizoviringishwa na kupakwa vanishi. Juu ya jua zimebandikwa herufi zilizokatwa gazetini: USIKATE TAMAA. Pembeni: KESHO NI BORA. Mwezeshaji alikuwa ametoa orodha ya misemo ya kuchagua, na misemo hii miwili ilitoka humo.

Kwa jicho, ukurasa huu unapendeza. Vifaa vyake vinasema mengi kuliko maneno yake. Shanga za karatasi ni riziki ya akina mama wengi wa upande huu wa Kampala, sawa na mifuko ya mirija ya soda iliyowapa sifa wanawake wa Kinawataka, chini ya kilima. Lubugo ni kitu kizito zaidi. UNESCO iliitambua sanaa ya kuitengeneza mwaka 2005, lakini Mganda hahitaji UNESCO kumwambia kwamba wafu huvishwa kitambaa hicho. Kukitandaza chini ya jua la tumaini ni kauli nzito mno. Je, jua linachomoza kaburini? Ukurasa umeanza kusema jambo hili, kisha USIKATE TAMAA ikaufunga mdomo.

Kuna jambo jingine. Ukiuinamisha ukurasa penye mwanga, chini ya rangi ya manjano unaonekana mstari wa penseli: "Baba hajapiga simu tangu Machi." Ndio mstari pekee wenye msemaji, mwezi na kidonda. Sisemi msichana angeifuta rangi. Kufunika ni haki yake, na kujificha pia ni namna ya kuandika. Ninachosema ni kwamba mada ilimfundisha kwamba tumaini na simu ya baba haviwezi kukaa karatasi moja. Hilo ni kosa la mada kama ilivyotolewa. Tumaini lisiloruhusu kutaja kinachokosekana linabaki rangi ya manjano tu.

Ukurasa wa pili ni wa mama fundi cherehani. Ameshonea kwenye kadibodi kipande cha sketi ya sare ya shule, kwa uzi ule ule anaotumia kazini. Kando amechora futi ya kupimia, na chini ameandika kwa kalamu ya wino: "Juni inchi 22. Disemba inchi 24. Nimeacha pindo pana. Ukirefuka tutalifumua."

Basi, hakuna zaidi. Neno "tumaini" halimo. Hakuna jua. Lakini maswali yetu matatu yote yamejibiwa. Mama anasema, binti anaambiwa, na sababu ni kwamba binti anakua na nguo mpya ina gharama. Pindo pana ni tumaini lenye hesabu. Anayeliacha anaamini kwamba mtoto atarefuka na kwamba yeye mwenyewe atakuwepo kulifumua. Tazama pia kiambishi "tu" katika "tutalifumua". Angeweza kuandika "nitalifumua", kwani fundi ni yeye. Kwa silabi moja amemweka binti kwenye cherehani pamoja naye. Huu ndio uchambuzi tunaowafundisha wanafunzi wetu kila siku katika ushairi, na hapa umefanya kazi kwenye kadibodi.

Suala la lugha

Mama huyu aliandika kwa Kiswahili kwa sababu alilelewa kambini, na Kiswahili ndicho kilichozungumzwa nyumbani kwao. Jambo hili lina uzito pekee kwa Mbuya, kilima chenye kambi ya jeshi. Waganda wengi wa umri wetu na wanaotuzidi walikisikia Kiswahili kwanza kikiwa amri ya askari, na baadhi yao hawajakisamehe. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ukakiingiza katika masomo ya lazima ya kidato cha kwanza na cha pili. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kukitekeleza kama lugha rasmi. Yote haya ni maamuzi ya ofisini. Hayamfanyi mtu akiandike Kiswahili anapomwambia mtoto jambo la moyoni.

Ndiyo maana naichukulia misemo ya orodha kuwa hasara kubwa kwetu kuliko inavyoonekana. Mwanafunzi wa Uganda anayekutana na Kiswahili kupitia USIKATE TAMAA anapokea amri nyingine, safari hii iliyopakwa rangi. Sentensi ya mama fundi inamwonyesha kitu tofauti, kwamba Kiswahili kina mahali pa kukaa ndani ya nyumba.

Kwa walimu

Baadhi ya wenzetu watasema kwamba msemo wa kuazima humsaidia mwanafunzi mwoga, asiye na maneno ya kutosha. Ni kweli, na sipendekezi methali zipigwe marufuku. Somo la Kiswahili bila methali ni mboga isiyo na chumvi. Ninachopendekeza ni kwamba msemo ukiazimwa upewe kazi, kama kanga inavyopewa. "Usikate tamaa" ikiandikwa chini ya karatasi ya mtihani yenye alama 31, na kuelekezwa kwa kaka mwenye karatasi hiyo, inapata uhai.

Kwa mwalimu atakayetaka kutumia shajara ya sanaa katika kazi mradi, nashauri mambo manne. Kwanza, asianze na mada, aanze na kitu. Kila mwanafunzi alete kitu kimoja kidogo kutoka nyumbani, risiti, kifungo au kipande cha kitenge, na aseme kimetoka wapi. Pili, kila ukurasa uwe na mtu mmoja anayeandikiwa, hata kama hatausoma kamwe. Tatu, orodha ya misemo ibaki mfukoni hadi sentensi ya mwanafunzi mwenyewe iwe imeandikwa. Nne, mwalimu asahihishe lugha kwenye karatasi ya rasimu, kamwe asitie kalamu nyekundu ndani ya shajara, wala asimlazimishe mtu kuonyesha kilicho chini ya rangi.

Hitimisho

Shajara ya sanaa ni utanzu unaostahili kuhakikiwa kama tanzu nyingine za fasihi. Vitabu vya kumbukumbu vilitufundisha kwamba neno lenye msikilizaji hustahimili hata fomu ya kujazia. Shajara za Eldon zinatuonya kwamba kaulimbiu huishi kirahisi kuliko ukurasa ilikotoka. Kanga imetupa kipimo ambacho mwanafunzi yeyote anaweza kukitumia bila kusoma nadharia. Tukikitumia kwa uaminifu, tutaacha kuwauliza wanafunzi tumaini ni nini, na badala yake tutawauliza wamemwachia nani pindo.