Kezilahabi Mfululizo: Diwani Tatu kwa Mkupuo

Jamani, wekeni chini mlichoshika! Diwani tatu za Euphrase Kezilahabi, yaani Kichomi (1974), Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008), hatimaye zimekutana juu ya meza moja hapa Mwembesongo, Morogoro, nami nimezisoma kwa mfuatano, mbio mbio, kama msomaji wa riwaya ya upelelezi anayetaka kujua nani kaua. Miaka 34 ya ushairi kwa mkupuo! Chai imepoa mara mbili.

Wengi wetu tulimjua kwa Rosa Mistika, riwaya iliyopigwa marufuku shuleni (na hapo ndipo kila mwanafunzi alipoitafuta). Mashairi yake tulipewa moja moja, ya kujibia mtihani. Dhuluma tupu! Huyu asomwe kwa jumla.

Shika Kichomi. Mwana wa Namagondo, Ukerewe, aliyezaliwa 1944, anaweka vina kando, anaweka mizani kando, anataka ushairi useme kama watu wanavyosema. Fikiria ujasiri huo! Kaluta Amri Abedi alikuwa ameshaandika sheria za kutunga mashairi tangu 1954, na kwa wengi, utungo usio na vina haukuwa shairi hata kidogo. Ugomvi ukawaka: wanamapokeo huku, na kule vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Mulokozi na Kahigi, waliotoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979. Nawaelewa wanamapokeo, shairi la vina hujikariri lenyewe. Ila msomeni Kezilahabi kwa sauti, tafadhali. Mstari unakatika pale pumzi inapokatika, pale msemaji anapositasita au kumeza mate. Kuna kazi ya sikio hapa, wala si nathari iliyokatwakatwa. Kweli, ndani ya Kichomi kuna mashairi machache yanayohubiri kidogo. Nimeyasamehe kabla sijafungua ukurasa unaofuata.

Halafu Karibu Ndani, na humo, “Mafuriko”. Uwiii! Mshairi anaapa kuandika wimbo wake juu ya mbawa za nzi, juu ya mistari ya pundamilia, kuta za vyoo na kuta za Ikulu, hadi khanga na fulana, na wimbo wenyewe ni onyo kwamba maji yanakuja na nyumba kongwe za bondeni zimo hatarini. Wanafunzi huambiwa kwamba nyumba hizo ni utawala uliochakaa. Sawa. Lakini sisi tunaokaa chini ya milima ya Uluguru tunajua maana nyingine kabla ya kufundishwa: mvua inyeshe juu huko milimani, wewe huku hujaona hata tone, na mto unakuja umebadilika rangi. Shairi linaanza na nzi na kuishia na gharika, na hakuna kina hata kimoja kilichohitajika kulibeba!

Ukifika Dhifa, mtu amekomaa, yuko Chuo Kikuu cha Botswana tangu 1995, ameshaandika riwaya za Nagona na Mzingile zilizowatoa wasomaji jasho. Kejeli imenolewa. Hapa kicheko chako kinakukwama kooni, kwa sababu huna hakika kama anayechekwa ni mkubwa fulani au ni wewe.

Sasa hasira yangu. Uteuzi uliochota kutoka diwani zote tatu, Stray Truths, ulitoka Marekani mwaka 2015, mashairi yakiwa yamefasiriwa kwa Kiingereza na Annmarie Drury. Shukrani nyingi kwake! Lakini mwandishi alifariki Januari 2020, na mimi bado natembea na vitabu vitatu kwenye mfuko wa plastiki. Wachapishaji wa Dar, wa Nairobi, mnangoja nini? Jalada moja, Kiswahili chake kilivyo, na bei ambayo mwalimu wa sekondari anaimudu.

Nanyi wasomaji, mkizipata diwani hizi, msianze na Kichomi. Anzeni na “Mafuriko”, kwa sauti, mlango ukiwa wazi ili majirani nao wasikie.