Mgogo Ndani ya Milano

Kijiweni kwetu Makole kuna ubishi mmoja haujawahi kupata mshindi: rekodi gani ya jukwaani ndiyo nzito kuliko zote? Watu wa dansi wanaapa kwa bendi zao. Watoto wa bongofleva wanakutolea simu wakuonyeshe uwanja mzima watu wanazimia. Na tupo sisi, watatu tu kwa hesabu, tunaosikiliza hevi metali, yaani chuma kizito, ambao mama mmoja wa jirani alishatangaza kwamba anatuombea.

Safari hii mwenzetu alikuja na The Ozzfest Live. Kwa asiyejua: Ozzfest lilikuwa tamasha la kuzunguka la Ozzy Osbourne na mkewe Sharon. Hadithi yake inajulikana. Sharon aliwaomba wenye tamasha jingine la kuzunguka, Lollapalooza, wamchukue mumewe, wao wakamwona mzee aliyepitwa na wakati. Mama akasema sawa, tutaonana. Oktoba 1996 akaandaa siku mbili zake mwenyewe, moja Phoenix kule Arizona, nyingine Devore, California. Mwaka 1997 ikatoka rekodi ya siku hizo mbili, na tamasha likaanza kuzunguka Marekani kikwelikweli.

Tuliisikiliza mara mbili mfululizo mpaka betri ya spika ikakata. Ni rekodi nzuri, sitaki kuzuga. Lakini ina ugonjwa wa rekodi zote za matamasha: kila bendi inapewa wimbo mmoja. Slayer mmoja. Biohazard mmoja. Fear Factory mmoja. Ni kama shughuli ambayo kila mgeni anaonjeshwa kijiko kimoja cha pilau halafu anaambiwa ashukuru. Walioumia zaidi ni Neurosis. Hao muziki wao unapanda taratibu kama mtu anayesukuma mkokoteni wa maji mlimani, unahitaji umpe muda, na hapa muda ndio kitu pekee kisichokuwepo. Ukija kumwelewa, keshashuka.

Kinachobaki kichwani ni Sepultura. Jamaa wa Belo Horizonte, Brazili. Februari 1996 walikuwa wametoa albamu ya Roots, na katika kuitengeneza walifunga safari hadi Mato Grosso, kwa Waxavante, wakakaa nao na kurekodi nao. Ndiyo albamu iliyowafanya vijana wengi wa hevi metali duniani wasikie kwa mara ya kwanza kwamba ngoma ya kijijini inaweza kuwa nzito kuliko gitaa. Kwenye Ozzfest wanapiga kwa hasira ya ajabu, na leo tunajua kwamba miezi miwili tu baadaye, Desemba 1996, mwimbaji wao Max Cavalera aliondoka. Basi umewanasa mlangoni, mguu mmoja nje.

Sasa hebu tega sikio. Waxavante wako wapi? Hawapo. Waliopanda jukwaani ni vijana wanne. Sisemi ni wezi. Nauli ya kijiji kizima si mchezo, na pengine Waxavante wenyewe hawakuwa na shida na California. Nauliza tu, maana swali hilo ndilo lililotuhamisha kutoka Marekani na kuturudisha Dodoma.

Ilikuwa hivi. Tukiwa tunabishana, babu mwenye nyumba akatoka nje. Tukajua leo tunafukuzwa. Tukaamka wote watatu.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Mbukwenyi.”

Akasimama, mkono nyuma, akasikiliza gitaa linavyokwaruza. Kisha akauliza: “Hicho wamekibandika utando wa nini?”

Sisi kimya. Ilibidi atueleze kama watoto. Ilimba, lile sanduku la Wagogo linalopigwa kwa vidole gumba, ni chuma. Vyuma vyake hufuliwa vikawa bapa, vikapangwa kwenye ubao, na vingine havipigwi kabisa: vimekaa hapo viitike tu wenzake wanapoguswa. Lakini kazi haijaisha. Sanduku lina tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando mwepesi wa buibui, ili kila sauti safi inapotoka itoke ikiwa imekwaruzwa, ina kama nyuki ndani. Ilimba isiyo na utando, alisema babu, ni ugali bila chumvi. Siyo kwamba haiwezi kutoa sauti safi. Sauti safi ndiyo hawaitaki.

Nikakumbuka mapesa wanayolipa vijana wa Marekani na Uingereza kwa amplifaya na visanduku vya kukanyaga kwa mguu ili gitaa lisitoke safi. Na hapa kwetu buibui anafanya bure.

Ndipo tukalitaja jina ambalo kila mtu wa mkoa huu anapaswa kulitaja bila kukohoa: Hukwe Zawose. Mtoto wa kijiji cha Doduma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam kujiunga na kikundi cha taifa cha ngoma, halafu akawa mmoja wa nguzo za Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Mwaka 1996, mwaka uleule wa Ozzfest na wa Roots, alitoa Chibite kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel wa Uingereza. Ukiwa na muda wa albamu moja tu ya Ugogo maishani, chukua hiyo, vaa spika za masikioni, sikiliza mkwaruzo. Sauti ya mzee inapanda mpaka unadhani ni mwanamke, kisha inaporomoka chini kama jiwe kisimani. Nilimpa msela mmoja wa hevi metali asikilize bila kumwambia ni nini. Akaniuliza bendi hiyo inatoka Norway au wapi.

Lakini Chibite si ya jukwaani, na ubishi wetu ulikuwa wa jukwaani. Rekodi ya jukwaani ninayotaka kuizungumzia inaitwa Growing Up Live. Ni filamu ya onyesho la Peter Gabriel, iliyopigwa Mei 2003 pale Filaforum, Milano, katika ziara yake ya dunia, muongozaji Hamish Hamilton. Gabriel si mtu wa hevi metali, najua, msinipigie kelele. Ni mtu wa roki, na ndiye mmoja wa walioanzisha WOMAD mwaka 1982, tamasha ambalo nalo huzunguka dunia likibeba muziki wa mataifa. Humo ndani ya Milano, katika wimbo mmoja, wamo Hukwe Zawose na mwenzake Charles Zawose. Wamo wenyewe, miili yao, si kipande kilichokatwa kijijini. Hapo Gabriel amewapita Sepultura, na lazima tumpe haki yake.

Onyesho lenyewe ni karamu ya macho. Jukwaa ni la duara, liko katikati ya ukumbi, limebuniwa na Robert Lepage wa Kanada. Gabriel na binti yake Melanie wanatembea kichwa chini miguu juu. Baadaye anaingia ndani ya mpira mkubwa unaoonyesha kila kitu na kubingirika nao huku akiimba. Baadaye tena anapanda baiskeli. Ni mzee wa miaka hamsini na ushee anayecheza kama mtoto aliyefunguliwa geti, na mimi nilifurahi, sitasema uongo. Wapigaji wake, Tony Levin kwenye besi na David Rhodes kwenye gitaa, wana uzito ambao bendi nyingi za chuma zinautafuta kwa kelele hazijaupata.

Sasa angalia Wagogo wetu wamewekwa wapi. Wimbo wao ni Animal Nation. Unakuja baada ya mpira na kabla ya baiskeli. Na wimbo wenyewe chanzo chake ni nini? Gabriel alikwenda Atlanta, kwenye kituo cha utafiti cha chuo kikuu, akapiga kinanda pamoja na bonobo, wale jamaa wa sokwe ambao kwao ni Kongo. Akashangazwa na akili zao, akaandika wimbo. Katika wimbo huo ndimo alimoweka sauti ya Hukwe Zawose.

Nilipoligundua hilo nilizima. Nikakaa. Nikasema hapana, usikimbilie kukasirika, wewe ni mhakiki, si mpiga mawe. Gabriel si mtu wa dharau: alirekodi muziki wa mzee, akamtembeza, akampa jukwaa ambalo hapa nyumbani hatukuwahi kumpa. Nia yake katika wimbo huo ni kusema viumbe wote ni taifa moja, na hilo ni wazo jema. Lakini jukwaa lina lugha yake, bwana. Ukimwalika mgeni mweusi kutoka Afrika, mwenye njuga na sauti ya nyika, halafu kati ya nyimbo zote za usiku ule ukamwita kwenye ule wa wanyama, umesema jambo, hata kama hukukusudia. Nyimbo nyingine zilikuwepo. Ziko za baba, za maji, za kifo. Hukwe angeweza kuzijaza zote. Mtu huyu aliimba mbele ya marais.

Na kisanaa pia hakutendewa haki. Sauti yake inaingia kwa nguvu zile zile, wala haijifichi, unajua mara moja kwamba mwenye nyumba kafika. Lakini ule mkwaruzo nilioufuata, ule wa buibui, unazama katika wingi wa vyombo. Muziki wa Ugogo hukua kwa kurudiarudia. Kila mzunguko unaongeza kitu kidogo, mpaka msikilizaji anajikuta anatikisa mabega bila idhini yake. Hapa anapewa dakika zake, kisha asante sana. Kijiko kimoja cha pilau, tena. Ugonjwa wa Ozzfest umehamia Milano.

Hata hivyo, nasema itafuteni. Kwa sababu moja ambayo waliokuwa ukumbini hawakuijua. Ilikuwa Mei 2003. Tarehe 30 Desemba mwaka huohuo Hukwe Zawose alifariki Bagamoyo. Charles alimfuata mwaka 2004. Basi filamu hii, pamoja na kasoro zake, imewakuta wote wawili wazima, wamesimama kwenye taa, wakiwa kazini. Wapo waliokufa wakaacha nyimbo mia na hakuna hata dakika moja ya kuonyesha walivyokuwa wanapumua kati ya mstari na mstari.

Ukoo haujanyamaza. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha, iliyorekodiwa Bagamoyo, na mwaka huohuo wakapanda WOMAD kwa jina lao wenyewe. Kwa miaka mingi wanawake wa familia hiyo walikuwa waitikiaji na wapiga ngoma nyuma ya wanaume. Ajabu, maana kwa Wagogo muheme ni ngoma ya akina mama tangu zamani. Hapo ndipo uzito ulipo, muulize yeyote aliyewahi kusimama karibu nayo. Na pale Chamwino, mwendo wa daladala kutoka hapa, wapo wanaokusanyika kwenye tamasha la muziki wa Kigogo, kikundi baada ya kikundi, kutwa nzima. Ninachokitaka ni rekodi ya siku ya namna hiyo isiyokatwa: vumbi, watoto wanaolia, kikundi kinachokosea na kuanza upya, saa nane zote. Mwenye mashine na betri aje Makole, sisi watatu tutabeba nyaya.

Babu nilimwonyesha kipande cha Milano kwenye simu. Aliishika mbali na macho kama anasoma barua. Hakusema neno mpaka mwisho. Kisha akauliza: “Mbona wamemwondoa? Ndiyo kwanza alikuwa anaanza.”

Nikamwambia ndiyo imeisha, babu. Sasa inakuja baiskeli.

Akanirudishia simu yangu.