Nyumba za Almasi: Mwadui na Hukumu ya Mjenzi

Mshairi hupimwa kwa utungo wake, na mjenzi kwa nyumba alizoziacha. Kwa kipimo hicho tumtazame John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada aliyegundua almasi Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940, akajenga mji kando ya mgodi wake kabla ya kufariki mwaka 1958.

Aghalabu hukumbukwa kwa jiwe moja: almasi ya waridi ya karati 54.5, iliyopatikana mwaka 1947, akamtunukia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Jiwe hilo nasaba yake inajulikana hadi leo. Nyumba je? Katika nyika ya Wasukuma, ambako nyumba ya jadi ni msonge wa nyasi, palisimamishwa safu za nyumba, shule na hospitali. Haki yake tumpe: paa lile halikuvuja maneno matupu, na mgonjwa alitibiwa.

Wapo wanaoilaumu mistari iliyonyooka ya miji ya namna hii, wakidai haina roho. Hoja hiyo siikubali. Majumba ya Michenzani, hapa Unguja, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, nayo yamenyooka. Lakini waliohamia walikaa, wakazaa, wakaozesha na kuzika, na chini yake pakaota biashara na mabaraza. Mstari ulionyooka haumfukuzi mtu. Kinachomfukuza ni sharti la kukaa.

Nyumba ya mgodi ni nyumba ya kazi. Kazi ikikoma, funguo hurudishwa. Baba hamrithishi mwana, wala mjane haiweki wakfu. Sisi wa pwani, tuliozoea nyumba inayotajwa kwa jina la babu wa babu, tunaujua uzito wa upungufu huo. Utungo wa Williamson una vina na mizani, ila kituo chake kimo mkononi mwa mwajiri.

Tena upo uzio. Almasi hulindwa, na jirani hubaki nje ya ulinzi huo. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi ulipasuka, na tope likavamia makazi na mashamba ya wanavijiji. Waliokuwa mbali na fahari ya almasi ndio waliofikiwa na taka zake. Mhakiki akiishia kusifu ukuta wa ndani ya uzio, atakuwa amesoma nusu ya shairi.

Hukumu yangu ni hii: Williamson alijenga makazi mema, hakujenga maskani. Maskani hujengwa na wakaao. Basi Wasukuma, wenye jadi kongwe ya kushindana kwa nyimbo baina ya Bagika na Bagalu, watutungie Mwadui ya waliorudisha funguo na ya waliofukua tope. Jiwe limeshasifiwa vya kutosha.