Elektroni Si Pia

Maelezo mengi ya sumaku za matabaka membamba, yanayoandikwa kwa msomaji asiye mwanafizikia, huanza na pia. Tunaambiwa elektroni ni kama pia ya mtoto: inajizungusha, na kuzunguka huko kunaifanya iwe sumaku ndogo. Nasoma shahada ya uzamili ya fizikia, na mfano huu nimekutana nao hadi nimechoka. Unapendeza sikioni, lakini unapotosha.

Kasoro yake ilijulikana mapema. George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit walipotoa wazo la spini mwaka 1925, Hendrik Lorentz alionyesha kwamba elektroni ikiwa inajizungusha kweli, uso wake ungelazimika kwenda kasi kuliko mwanga. Wazo likabaki, picha ikaanguka. Bado tunaifufua, na tukitafsiri spini kuwa “mzunguko” tunaipigilia msumari ndani ya lugha. Heri “spini”: ugeni wa neno unakiri ugeni wa jambo.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Pia huzunguka pale pale ilipo, na habari yenyewe ni ya safari. Mwaka 1988 kundi la Albert Fert huko Ufaransa na la Peter Grünberg huko Ujerumani, kila moja kivyake, yalipanga matabaka ya chuma na kromi yenye unene wa nanomita chache. Sumaku za matabaka ya chuma zikielekea upande mmoja, elektroni za spini moja hupita kote kwa wepesi. Zikipingana, kila aina hukwama mahali fulani, na ukinzani wa umeme hupanda. Mwaka 1997 IBM ilianza kuuza diski ngumu zinazosoma data kwa njia hiyo. Mwaka 2007 wawili hao wakapata Tuzo ya Nobel.

Ningeandika hivi. Bodaboda kumi zinatoka Mitwero kwenda Lindi mjini na muhogo. Kumi nyingine zinatoka mjini kuja Mitwero na sukari. Ukihesabu bodaboda, hakuna upande uliopungukiwa. Hata hivyo muhogo umefika mjini, na sukari imefika Mitwero. Mkondo wa spini mtupu uko hivyo: elektroni za spini moja zinakwenda, za spini nyingine zinakuja kwa idadi ileile. Kwa jumla chaji haikuhama, spini imehama.

Mfano wangu nao una tundu. Muhogo haugeuki sukari njiani, ila elektroni ikigongwa-gongwa spini yake hupinduka. Lakini tundu hilo lina faida: linaeleza kwa nini matabaka yawe membamba. Safari ikirefuka, mzigo hupotea kabla ya kufika.

Kwa nini nagombania mfano? Kijana wa Mitwero anayeingiziwa nyimbo kwenye simu kutoka diski ngumu ya kibandani ameshaguswa na fizikia hii. Akifika sekondari ataikuta sumaku kwa Kiingereza. Kiswahili kikimpa picha iliyokataliwa tangu 1925, ataamini lugha yake inafaa kwa hadithi za watoto tu, na sayansi ya kweli iko kwingine. Kosa hilo litakuwa la sisi tunaoandika.