Sauti Isiyohitaji Ngoma

Mwenye kuhudhuria sherehe ya morani huko Ololosokwan, katika tarafa ya Loliondo, pale ardhi ya Wamaasai inapopakana na Serengeti upande mmoja na Kenya upande wa pili, hutambua upesi kwamba hapapigwi ngoma, wala haihitajiki. Olaranyani, ndiye mshika wimbo, hutangulia kwa ubeti wake. Wenziwe humpokea kwa mvumo mzito utokao kifuani, shingo zikienda mbele kila watoapo pumzi na kurudi nyuma kila waivutapo, hata pumzi yenyewe ikawa ndiyo mizani ya wimbo. Na wanawake watikisapo mabega, shanga zao pana hupiga vifuani na kutimiza kazi ya kayamba.

Sanaa hii adhimu ndiyo waliyoitukuza vijana wa X Plastaz, kundi lililoasisiwa Arusha katika miaka ya 1990, walipomkaribisha Yamat ole Meipuko, maarufu kwa jina la Merege, aimbe Kimaasai baina ya tenzi za kufokafoka za akina Faza Nelly, Gsan na Ziggy. Zama hizo vijana wengi walidhani kwamba usasa ni kuiga Marekani, mavazi na lafudhi. Hawa walipanda majukwaa ya Ulaya pamoja na Mmaasai wao, na mwaka 2004 albamu yao, Maasai Hip Hop, ikatolewa Ujerumani. Kukoroga ni kazi ya yeyote mwenye mwiko. Wao walikuwa na adabu ya kupishana, Merege akabaki na Kimaasai chake, nao wakabaki na Kiswahili cha mitaa ya Arusha.

Faza Nelly alifariki mwaka 2006, Mwenyezi Mungu amrehemu, na tangu hapo hatujapata warithi wa adabu ile. Shuka nyekundu tunaziona tele katika video za muziki, zimevaliwa na watu wasiojua hata salamu ya Kimaasai, ilhali sauti ya olaranyani ni adimu kusikika: tumeazima vazi, tukamwacha mwenyewe. Hiyo ni dhuluma, na ni uvivu pia, kwani waimbaji wangali hai. Msanii atakaye ladha ya Umaasai hana udhuru: na amwendee mwimbaji, amlipe ujira wake kamili, kisha amtaje kwa jina.