Kijana na Nchi Yake: Uchambuzi wa "Vuta N'kuvute" ya Shafi Adam Shafi

Shafi Adam Shafi, mwandishi wa Unguja aliyezaliwa mwaka 1940, amewapa wasomaji wa Kiswahili riwaya kadha, na katika hizo nne zajulikana zaidi: Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Kuli (1979), Vuta N'kuvute (1999) na Haini (2003). Zote nne zina shina moja, nalo ni mtu mdogo aliyemo mikononi mwa mkubwa. Hii ya tatu ndiyo ipendwayo zaidi, na ndiyo iliyosomeshwa sana katika shule za sekondari za Tanzania. Lakini kupendwa kwake kumeiletea hasara. Wanafunzi wamezoezwa kuikatakata vipande: hapa ukoloni, hapa mapenzi, hapa nafasi ya mwanamke, na kila kipande hutiwa katika jibu la mtihani kama nazi zitiwazo guniani. Asomaye hivyo hukosa kuona jambo lililo kubwa kuliko vyote kitabuni humo, yaani kwamba msichana mmoja atafutaye kujijua, na kijana mmoja atafutaye kuikomboa nchi, wanafanya kazi moja.

Habari yenyewe yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka kumi na mitano, aozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyempita umri kwa mbali sana. Hampendi mumewe, wala hakuulizwa. Faraja yake ni jirani, Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili mwenye furaha na maneno mengi. Raza amhamishia mkewe Mombasa, naye Yasmin amkimbia na kurudi Unguja. Jamaa zake wamfungia mlango, kwa kuwa amewatia aibu; basi aenda Ng'ambo kwa Mwajuma, na huko aingia katika maisha ya watu ambao alilelewa kuwaona kwa mbali. Ndipo akutanapo na Denge, kijana aliyesoma Urusi, ambaye serikali ya Kiingereza haimwamini wala haimpi kazi, naye ashughulika pamoja na wenziwe kuingiza na kueneza makaratasi yaliyopigwa marufuku. Inspekta Wright na Koplo Matata wamwinda mchana na usiku. Mapenzi na siasa vyaingiliana tangu hapo hata mwisho.

Yafaa kuanza na jina la kitabu, maana mwandishi hakulichagua ovyo. Ni kauli ya watoto wavutanao kamba, na matamshi yake ni ya Kiunguja hasa: "ni" ya nafsi ya kwanza imepoteza irabu yake na kubaki "n" iliyo silabi peke yake, kama vile Mwunguja asemavyo "n'takwenda". Sentensi ina vitenzi viwili. Cha kwanza ni amri, cha pili kimo katika hali ya kutaka, ile itumikayo katika "njoo nikuambie". Lakini tazama tofauti. Katika "nipe nikupe" kila upande wamtaja mwenziwe. Katika "vuta n'kuvute" kitenzi cha kwanza hakina mtendwa: avutaye aambiwa avute tu, na kamba ndiyo ivutwayo. Ajibuye ndiye ataja mtu: "nikuvute wewe". Hivyo ndivyo ilivyo riwaya nzima. Wenye nguvu, yaani wazee, jamaa na serikali, wavuta kamba zao bila kumtazama aliye upande wa pili. Na vijana, kwa kuwa wao ndio wavutwao, wajua vema ni nani aliyeshika ncha nyingine. Kauli hiyo yasemwa na kijana, wala hakuna mzee yeyote kitabuni ambaye ingemkaa kinywani.

Jina la pili lipasalo kuangaliwa ni Ng'ambo. Neno hili maana yake ni upande wa pili wa maji, na mji wa Unguja uliitumia kwa mitaa iliyokuwa mashariki ya mkono wa bahari uliowatenga watu wa majumba ya mawe na watu wa vibanda. Maji yale yalifukiwa katika karne ya 20 na mahali pake pakapita barabara, lakini jina halikufukiwa. Asemaye "Ng'ambo" huwa amesimama mjini akitazama mashariki, na hata wenyeji wa huko walijiita kwa jina hilo waliloitwa na wa upande mwingine. Yasmin ahamiapo kwa Mwajuma, mwandishi hasemi kwamba amebadilisha kabila au adabu. Asimulia tu jinsi binti huyu anavyokula, anavyolala, anavyocheka na anavyoingizwa katika taarabu. Na msomaji aona, kidogo kidogo, kwamba Ng'ambo imekuwa upande wa huku, na majumba ya mawe ndiyo yaliyobaki ng'ambo. Mageuzi hayo ya neno moja ni ustadi mkubwa, nao wafanywa bila hotuba yoyote.

Kwamba taarabu ndiyo mlango wa kuingilia si jambo la bahati. Muziki huo ulipata makao ya kwanza Unguja katika jumba la kifalme, nao ulikuwa wa Kiarabu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, aliuimba kwa Kiswahili katika baraza za Ng'ambo, na mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri mjini Bombay. Wimbo, basi, ulikuwa umekwisha vuka yale maji kabla ya Yasmin. Aimbaye kwa Kiswahili mbele ya watu wa Ng'ambo haulizwi nasaba yake. Huulizwa kama sauti inapanda na kama maneno yanachoma.

Msomaji wa leo huenda akadhani kwamba hayo ni mambo ya moyo wa msichana, na siasa ni ya Denge. Historia ya visiwa yakataa mgawanyo huo. Katika Unguja na Pemba za ukoloni, kabila la mtu lilikuwa jambo la serikali. Viti vya Baraza la Kutunga Sheria, lililoanzishwa mwaka 1926, vilitolewa kwa jamii, na Mwafrika wa kwanza hakuingia humo mpaka mwaka 1946. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgao wa chakula ulifuata jamii, mchele ukapewa wengine na wengine wakanyimwa. Uchaguzi wa kwanza wa kupiga kura katika orodha moja ulikuwa wa Julai 1957. Katika nchi iliyopangwa hivyo, binti wa Kihindi akaaye kwa Mwajuma kwa hiari yake amevunja daftari la serikali, ingawa hajui hata jina la chama kimoja. Inspekta Wright alitambua hilo kabla ya wachambuzi wengi. Ndiyo sababu amwona Yasmin kuwa chombo cha kumnasia Denge: kwa hesabu yake, msichana asiye na kwao atakuwa wa yeyote ampaye hifadhi. Hesabu hiyo ndiyo imtiayo makosani, kwa kuwa Yasmin amekwisha pata kwao.

Hapa ndipo riwaya ipitapo Kuli. Katika Kuli kijana Rashidi, mchukuzi wa bandarini, afunuliwa macho na wenziwe hata afikapo katika mgomo wa mwaka 1948, ambao ni tukio la kweli la historia ya Unguja. Njia yake imenyooka: taabu, elimu, umoja, mgomo. Ni hadithi njema, lakini msomaji aona mwisho wake tangu mwanzo. Yasmin hana njia iliyonyooka. Ajifunza kwa kukosea, kwa kuogopa, kwa kupenda, na mara nyingine kwa kusema uongo. Miaka ishirini baina ya vitabu hivi viwili imemfunza mwandishi kwamba mtu haingii katika mambo ya nchi yake kwa mlango wa mkutano peke yake.

Baada ya sifa, haki yataka upungufu nao usemwe. Wa kwanza ni Denge mwenyewe. Kijana huyu aja kitabuni akiwa amekwisha timia. Tangu ukurasa aonekanapo mpaka aondokapo, fikira zake ni zile zile. Hapati shaka, habishani na nafsi yake, wala hajifunzi chochote kwa Yasmin, ingawa yeye ndiye angemfunza mengi. Azungumzapo siasa, lugha yake yapoteza chumvi ya Kiunguja na kuwa ya karatasi zile zile azienezazo. Mwajuma asemapo neno moja la mzaha, msomaji amwona. Denge asemapo maneno mia ya haki, msomaji aona maneno tu. Kijana aliyetoka Unguja akaenda Urusi na kurudi hakosi kuwa na masuali juu ya kwao ni wapi. Shafi aliyajua masuali hayo, kwani kumbukumbu zake za ujana, Mbali na Nyumbani, zilizochapishwa mwaka 2013, zasimulia safari ndefu ya kijana atafutaye elimu ughaibuni, na humo mashaka ya mtu aliye mbali na kwao yameelezwa vizuri mno. Laiti Denge angalipewa robo ya mashaka hayo.

Upungufu wa pili wahusu kura ya Yasmin. Amempenda Denge, amemficha, amewadanganya polisi kwa ajili yake; lakini vijana wale wakaapo kushauriana, yeye hana neno. Denge na wenziwe wapigania haki ya kila mtu, nao hawamwulizi mwenzao huyu aonavyo. Yawezekana mwandishi ameonyesha hali kama ilivyokuwa. Hata hivyo mtunzi aonyeshaye kosa la wahusika wake hana budi kumpa msomaji dalili kwamba ameliona, na dalili hiyo haipatikani. Mwishoni Denge yuko mbali, na Yasmin ameolewa na Bukheti, kijana ambaye moyo wake umemkubali. Ndoa ya kwanza alitiwa, hii ameichagua. Ni ushindi, wala si mdogo. Lakini ni ushindi wa nyumbani, na mlango wa baraza umebaki umefungwa kwake.

Liko jambo la tatu, nalo ni zito kuliko hayo mawili. Riwaya hii yasimulia miaka ya 1950, lakini ilitoka mwaka 1999, na mwandishi pamoja na wasomaji wake walijua yaliyotukia katikati. Walijua uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 na mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, ambayo baada yake Waarabu na Wahindi wengi waliihama nchi. Walijua kwamba mwaka 1970 wasichana wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu Unguja, kwa idhini ya wakubwa wa wakati huo, na kisingizio kilikuwa umoja wa makabila. Kwa hiyo msomaji aanzapo kitabu kwa kumwona binti wa Kihindi akiozwa bila ridhaa, hawezi kuyaweka mambo yale katika sanduku la ukoloni na mila za Wahindi peke yake. Kamba ilibadili mikono; kuvutwa hakukwisha. Shafi mwenyewe aliandika juu ya uonevu wa zama hizo katika Haini, itokanayo na kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972. Katika Vuta N'kuvute hasemi hata neno moja juu ya yatakayokuja. Wengine wameona huo ni woga. Maoni hayo hayakubaliki kwa wepesi. Kitabu hiki chaweka kipimo: mtu awe wa Unguja kwa kukaa na watu wake, kwa kusema lugha yao na kushiriki furaha na taabu zao, na ridhaa yake iwe yake mwenyewe. Kipimo hicho chawahukumu Waingereza, na kwa msomaji akumbukaye chawahukumu pia waliowafuata, bila ya kutajwa jina.

Mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa hadithi hii katika filamu yenye jina lile lile, ikaonyeshwa kwanza katika tamasha la Toronto. Filamu imeegemea mapenzi ya Yasmin na Denge, na kwa njia hiyo imewafikia vijana wengi wasiowahi kukishika kitabu. Faida yake yaonekana: sura ya Yasmin akiwa Ng'ambo, mavazi yake na mwendo wake, vyasema mara moja yale ambayo kitabu chayasema kwa kurasa nyingi. Lakini filamu yoyote ya mapenzi humvuta mtazamaji awaangalie wawili, na riwaya hii ina watatu. Mwajuma, asiyesoma Urusi wala kufukuzwa na polisi, ndiye aliyefungua mlango wakati jamaa walipoufunga. Hakuuliza dini ya mgeni wake, wala kabila lake, wala watu watasemaje. Bila yeye Denge asingalikuwa na Yasmin wa kumpenda, na chama chake kisingalikuwa na mfano hai wa nchi kinayoitaka.

Kwa wafundishao riwaya hii yako masuali matatu yafaayo kuwekwa mahali pa orodha za dhamira. Je, ni nani kitabuni aliyeulizwa ridhaa yake, na ni nani hakuulizwa? Ni nani abadilikaye, na ni nani abakiaye kama alivyokuja? Na neno "kwao", likitajwa juu ya Yasmin, lamaanisha nyumba gani mwanzoni, na nyumba gani mwishoni? Mwanafunzi wa Unguja au Pemba, wa Dar es Salaam au Mombasa, akiyajibu hayo kwa kurudi katika maneno ya kitabu yenyewe, atakuwa amekisoma. Pamoja na upungufu wake, Vuta N'kuvute ni miongoni mwa riwaya chache za Kiswahili ambazo kijana aweza kujiuliza kwa msaada wake ni wa wapi, na nchi yake ina haki gani juu yake, naye ana haki gani juu yake.